Ajali Hii Ina Kinga

Wasomaji wenzangu, siku hizi ukisimama penye stendi ya bodaboda katika mji wowote wa Uganda, utaona jambo ambalo babu zetu hawakuliona. Juu ya usukani wa pikipiki imefungwa simu yenye kioo kipana, na katika kioo hicho mna ramani na mstari wa kuonyesha njia. Mwendeshaji huitwa kazini kwa simu hiyo, na kwa simu hiyo hiyo huonyeshwa alipo abiria na aendako. Juu ya jambo hili nataka kutoa maoni yangu.

Wako watu wasemao kwamba simu iondolewe kabisa katika pikipiki. Hutukumbusha kwamba bodaboda za kwanza zilikuwa baisikeli za kuvusha watu mpakani Busia, katika miaka ya 1960, na waendeshaji wake hawakuwa na ramani ila ulimi wa kuulizia. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini siwezi kuyakubali yote. Miji imekua, na abiria wengi siku hizi huita pikipiki kwa simu. Mwendeshaji asipokuwa na mahali pa kuifunga simu yake, hataiacha nyumbani, ataishika mkononi. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa hupita meta 22 kwa nukta mbili tu. Basi mtu aishikaye simu kwa mkono mmoja na kuitazama nukta mbili, amekwenda meta 22 bila macho na kwa nusu ya mikono yake. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, swali si kama simu iwepo au isiwepo. Swali ni hili: imefungwaje, na umeme wake watoka wapi?

Twajua ya kuwa simu hupata njia kwa kupokea ishara za satelaiti zilizo juu yetu kiasi cha kilometa 20,000. Sharti ipate ishara za satelaiti nne ndipo ijue vizuri mahali ilipo. Mfumo wa Marekani uitwao GPS ulitengenezwa kwanza kwa ajili ya jeshi, ukakamilika mwaka 1995, na leo hutumiwa na watu wote duniani bila malipo. Lakini kazi hiyo, pamoja na kioo kuwaka mchana kutwa, humaliza chaji ya simu upesi. Ndipo mwendeshaji hutafuta umeme katika betri ya pikipiki, na hapo ndipo hatari huanzia.

Kaka yangu huendesha bodaboda. Likizo ya mwaka jana alitaka kuwekewa chaja ya simu, nami nikaenda naye kwa fundi mmoja wa kando ya njia. Fundi alifungua kiti, akaunga waya mwembamba moja kwa moja katika betri, akaupitisha chini ya tangi la petroli mpaka kwenye usukani. Mimi nilimshikia kiti. Nilipouliza kwa sauti ndogo kama hakuna fyuzi, akacheka akasema, "Fyuzi ni mambo ya magari, mwanafunzi." Nami nikanyamaza, ijapokuwa muhula ule ule nilikuwa nimepata alama nzuri katika mtihani wa umeme.

Majuma matatu baadaye kaka alikuwa njiani amempakia mama mmoja na mtoto wake. Alisikia harufu ya plastiki inayoungua, na moshi ukatoka chini ya tangi. Aliegesha mara moja, akawashusha abiria, akang'oa kiti na kuukata waya ule kwa kuuvuta. Mkono wake uliungua, lakini hakuna aliyeumia zaidi ya hapo. Tulipoutazama jioni, tuliona kwamba waya ulikuwa ukisuguliwa na chuma penye shingo ya pikipiki kila usukani ulipogeuzwa, mpaka ganda lake likaisha. Mahali palipoyeyuka hapakuwa mbali na mpira wa petroli.

Majirani walikuja kutupa pole, wakasema, "Ajali haina kinga." Wasomaji, hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ajali nyingine kweli hazina kinga. Hii ilikuwa nayo, na kinga yenyewe ni kitu kidogo kisichozidi kidole, ambacho bei yake haifikii nauli ya safari ndefu moja.

Sababu yake tumefundishwa darasani. Betri ya pikipiki ni ya volti 12. Simu hutaka volti 5 tu, kwa hiyo chaja hupunguza nguvu hiyo. Simu ikivuta wati 10, waya utokao kwenye betri haupitishi hata ampea moja. Lakini waya ukigusa chuma cha pikipiki, betri hiyo hiyo ndogo yaweza kutoa ampea nyingi mara kumi na zaidi. Na joto la waya haliongezeki sawasawa na umeme: umeme ukizidi mara kumi, joto huzidi mara mia. Fyuzi ya ampea 2 au 3 ingekatika kabla ganda la waya halijayeyuka.

Basi yafaa kila mwendeshaji adai mambo haya kwa fundi. Kwanza, fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, upande wa chanya. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho kati yake na betri hakina ulinzi. Pili, umeme wa chaja upitie swichi ya ufunguo, ili pikipiki ikizimwa chaja nayo ife. La sivyo asubuhi betri itakuwa tupu. Tatu, waya ufuate chuma cha fremu, ufungwe kwa vifungo vya plastiki, uwe mbali na injini na bomba la moshi. Nne, penye shingo uachwe ulegee kidogo. Kisha usukani ugeuzwe mpaka mwisho kulia, na mpaka mwisho kushoto, na mtu atazame kwa macho yake kwamba waya hauvutwi wala hausuguliwi. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja.

Kishikio cha simu nacho kisidharauliwe. Kiwe karibu na katikati ya usukani, mahali ambapo jicho huona simu bila kichwa kuinama sana, wala kisizibe saa ya mwendo. Kiwe na mpira wa kupunguza mtikisiko. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ya Marekani iliwaonya wateja wake kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki waweza kuharibu kamera za simu zake. Na baada ya hayo yote, njia ipangwe kabla ya kuondoka, na kioo kisiguswe mpaka pikipiki imesimama. Kishikio kizuri hakimpi mtu ruhusa ya kusoma ujumbe njiani.

Watu wengine watasema kwamba haya ni kazi ya mafundi, si ya wanafunzi. Mimi nasema kwamba ni yetu pia. Fundi yule hakuwa mtu mbaya; alifanya alivyofundishwa na fundi aliyemtangulia. Mwenye kosa kubwa zaidi ni mimi, niliyejua nikanyamaza kwa sababu nilichekwa. Tunachora fyuzi katika madaftari, tunaandika maana yake, tunapata alama, kisha tunatoka nje ya lango na kuisahau. Elimu ya namna hiyo ina faida gani kwa mama yule na mtoto wake?

Kwa hiyo natoa shauri. Chama cha sayansi cha shule yetu kichague Jumamosi moja kila muhula, kiwaalike waendeshaji wa stendi iliyo mbele ya lango letu, na mbele ya mwalimu wa fizikia tukague nyaya za pikipiki zao pamoja nao. Tusiende kama watu wanaojua kila kitu, kwa maana wao wanazijua pikipiki kuliko sisi. Tuwaonyeshe fyuzi, nao watuonyeshe mahali waya unapochakaa.

Kaka yangu anayo simu usukanini hata leo. Safari hii waya tuliutengeneza sisi wawili, na fyuzi iko umbali wa vidole vinne kutoka kwenye betri. Kila Jumapili yeye hufungua kiti na kuutazama. Mkono wake umepona, ila kovu limebaki, nami kila nilionapo hukumbuka siku ile niliponyamaza.