Chujio la majitaka lisisahauliwe

Nachingwea na Ruangwa zinakua, lakini kaya nyingi bado hutumia vyoo vya shimo. Halmashauri zitakapochimba mabwawa ya majitaka, zianze na chujio pale gari la kunyonya linapomwaga: nondo zilizoachana sentimita 2.5 hadi 5, na kibarua mwenye reki wa kuondoa matambara, magunzi na plastiki kila siku. Bila hivyo bomba huziba na bwawa hujaa mapema.

Moshi, wakulima wa mpunga wa Mabogini wamekuwa wakimwagilia kwa maji yatokayo mabwawani. Bonde la Mbwemkuru nalo hukaukiwa kiangazi. Kweli, chujio haliui vimelea. Hiyo ni kazi ya mabwawa, ambayo yakijaa takataka hayaifanyi. Nondo zitanunuliwa. Kinachotia shaka ni ujira wa kibarua bajeti ikibana.