KUBANA PUA SI USOMI

Ndugu Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika gazeti lako nizungumzie kasumba inayowaumiza vijana wetu wa Arusha wanaotafuta kazi ya kuongoza watalii. Kijana anaijua miti ya Mlima Meru, podo na mwangati, lakini akifungua mdomo tu kwenye usaili anaambiwa Kiingereza chake ni cha kijijini. Anachukuliwa mwenzake anayebana pua kama mtangazaji wa BBC wa zamani.

Wanaoitukuza lafudhi hiyo hawajui inavyosikika kwao ilikotoka. Uingereza kwenyewe wanaoizungumza ni wachache. Ni lafudhi ya shule za matajiri. Ni kweli iliheshimiwa mno. Mwaka 1941 BBC ilipompa Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, asome taarifa ya habari kwa lafudhi ya kwao, walitokea wasikilizaji waliolalamika. Lakini miaka ya 1970 mtaalamu Howard Giles aliwasikilizisha wanafunzi hoja ileile juu ya adhabu ya kifo kwa lafudhi mbalimbali. Waliisifu zaidi hoja iliyotolewa kwa lafudhi ya wakubwa, lakini waliobadili mawazo zaidi ni wale waliosikia lafudhi za mikoani. Kwa hiyo mwenyeji husikia usomi, na papo hapo husikia tabaka, akajihadhari. Sisi huku tunasikia usomi peke yake.

Tena watalii hao si Waingereza wote. Wapo Wajerumani, Wafaransa na Waholanzi, ambao nao Kiingereza walifundishwa darasani. Mtu wa namna hiyo anataka maneno yatamkwe moja moja, yaeleweke. Hilo kijana wa Olmotonyi analiweza.

Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Alihutubia mataifa kwa lafudhi ya kwetu, na walimsikiliza. (Na tusijisahau: Mwarusha akizungumza Kiswahili, mtu wa Pwani hucheka, kwa sababu tu Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja.)

Nawaomba wenye makampuni ya utalii wamwite mgeni mmoja asiye Mwingereza akae kwenye usaili, naye aseme ni nani aliyemwelewa. Au wanaogopa jibu lake?

Msomaji wako,
Olmotonyi, Arusha.