Nishati ya Mtetemo: Tuivune au Tuikinge?

Yeyote aliyewahi kupanda matatu kutoka mjini Mombasa hadi Bamburi anaifahamu mitikisiko ya safari ile: matuta, mashimo, na kingo za lami zilizomeguka. Aghalabu mitikisiko hiyo huzungumziwa kama adui wa kiuno tu. Wahandisi wameitazama kwa jicho jingine. Kwao, kila gari linaporuka na kutua kuna nishati inayopotea, na swali ni namna ya kuirudisha itumike. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si wa uhandisi. Hata hivyo nashikilia kwamba swali hilo lina sehemu ambayo ni yetu sisi wanakiswahili, nayo ni ya jina.

Kwanza tuuelewe mtambo wenyewe. Springi hubeba uzito wa gari na kunepa linapokanyaga tuta. Shokomzoba huituliza isiendelee kunesanesa. Ndani ya shokomzoba ya kawaida mna mafuta yanayosukumwa na pistoni kupitia vitundu vidogo. Ukinzani huo hugeuza mwendo kuwa joto, na joto likapotelea hewani. Mwaka 2009 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza shokomzoba ambayo mafuta yake huzungusha jenereta badala ya kupasha moto chuma. Mwaka 2013 Lei Zuo na Pei-Sheng Zhang walikadiria kwamba gari la abiria la ukubwa wa wastani, likienda maili 60 kwa saa, laweza kutoa wati 100 hadi 400 kutokana na mitikisiko pekee. Na mwaka 2016 kampuni ya Audi ilitoa matokeo ya majaribio yake katika barabara za Ujerumani: wastani wa wati 100 hadi 150, lakini wati 3 tu katika barabara kuu iliyotiwa lami mpya, na wati 613 katika barabara ndogo mbovu.

Kinaya kilioje! Barabara njema ndiyo maskini, mbovu ndiyo tajiri. Asije mheshimiwa akatumia hoja hii kutunyima lami. Nishati hiyo haishuki kutoka mbinguni. Imetoka katika mafuta ya gari, na mafuta yamelipiwa na nauli ya abiria. Kinachorudishwa ni sehemu ndogo ya kile tulichokwisha kukilipia. Wati 150 kwa muda wa saa moja zatosha kuchaji simu kumi hivi, basi. Kwa lori la saruji lililosheheni hesabu ni kubwa zaidi. Na malori ya namna hiyo Bamburi hatuna uhaba nayo.

Sasa jina. Wanaoandika kwa Kiingereza hutumia neno la shambani, la kuvuna, na wafasiri wetu wamelipokea bila kuuliza. Yaliyoyapata maji ya mvua ndiyo yale yale: nyaraka za serikali na za mashirika zinasema “uvunaji wa maji ya mvua”, ilhali bibi anayetega pipa chini ya bati hajavuna chochote. Anakinga maji. Mavuno hutanguliwa na kupanda, kupalilia na kungoja. Tone la mvua halikupandwa na mtu, wala mtikisiko wa matatu haukupandwa.

Napendekeza tuseme “kukinga nishati ya mtetemo”. Kitenzi hiki kina maana mbili zilizo hai: kuzuia madhara yasimfikie mtu, na kupokea kwa chombo kitu kinachoanguka au kudondoka. Chombo tunachokizungumzia hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Humkinga abiria asitikiswe, na hukinga nishati ya mtikisiko isimwagike. Sidhani kama Kiingereza kina neno moja linaloweza kubeba mizigo hiyo miwili kwa wepesi huu. (Wapenzi wa methali watakumbuka kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, hiyo ni kinga nyingine kabisa, ya kuni, lakini nayo haiko mbali na nishati.)

Najua nitakalojibiwa: kwamba maana ya kuzuia imetawala, hasa tangu lugha ya chanjo ilipotuzoesha “kinga ya mwili”, na msomaji atadhani tunaizuia nishati. Hoja hiyo ina uzito, ila muktadha huitatua. Asikiaye “kinga maji” wakati wa mvua hakimbilii kuziba bati.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilitupa msingi, na Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Pamoja na hayo, sayansi bado inafundishwa kwa Kiingereza katika shule zetu, huku anayelala chini ya gari gerejini Bamburi Mtambo akimwelekeza mwanagenzi wake kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Vikao vyetu vya istilahi huwaalika maprofesa. Kijacho kiwaalike na mafundi wawili watatu, waje na shokomzoba iliyopasuliwa, waiweke mezani, nasi tukae kimya tusikilize kila kipande wanakiitaje kabla hatujafungua kamusi.