Nani atabeba magunia kumi?

KIJIWENI
Na Salum Mbwana

Nenda soko la Ilala alfajiri utazame mizigo inavyoingia na kutoka. Nyanya zimefika na fuso kutoka mikoani. Zikishashushwa, zinasambaa kwenda Tabata, Kimara na Mbagala kwa kirikuu, kwa guta la matairi matatu, kwa bodaboda, na nyingine kwa mabega ya watu. Gari moja hutaliona, na ukiliona litakuwa limechakaa, mlango umefungwa kwa kamba: pikapu ndogo ya tani moja, yenye milango miwili na bodi ndefu nyuma. Pikapu zenyewe hazijapungua jijini. Zimejaa tele, ila zimeegeshwa nje ya ofisi, vioo vyeusi, nyuma zimefunikwa turubai safi ambalo halijawahi kuguswa na gunia.

Hoja yangu wiki hii ni fupi. Pikapu ndogo ya bei nafuu haikufa kwa sababu watu wameacha kuihitaji. Imeuawa na kodi, kanuni na mahesabu ya faida, na sisi wenyewe tumeyaunga mkono mauaji hayo kwa namna tunavyonunua magari.

Waliokulia miaka ya 1970 na 1980 wanayakumbuka magari ninayoyasema. Kulikuwa na Datsun 1200, yenye injini ya lita 1.2, nyepesi kiasi kwamba ikinasa kwenye tope vijana wachache waliisukuma ikatoka. Kulikuwa na Peugeot 404, kisha 504, ambazo ziliunganishwa Kenya na kubeba kila kitu, kuanzia maziwa na mirungi mpaka abiria waliokaa kwenye mabenchi wakitazamana. Na kulikuwa na Toyota Hilux, iliyoingia sokoni Japani Machi 1968 ikiwa na injini ya lita 1.5, urefu wa takriban mita 4.3 na uwezo wa kubeba tani moja.

Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, maana ndiyo tutakayotembea nayo.

Magari yale hayakuwa na makuu. Dirisha ulilizungusha kwa mkono, feni ya baridi ilikuwa upepo wa barabarani, na kabureta fundi aliifungua chini ya mwembe akaisafisha kwa petroli. Mwalimu mstaafu aliweza kununua moja kwa kiinua mgongo chake, akamkabidhi kijana wake, na familia ikala. Pikapu ilikuwa mtaji, kama vile ng'ombe alivyo mtaji kwa mfugaji.

Sasa tazama mjukuu wa ile Hilux ya 1968. Hilux ya kizazi kilichotoka mwaka 2015, ile ya dabo kebini, ina urefu wa zaidi ya mita 5.3 na inapatikana na injini ya dizeli ya lita 2.8. Gari limerefuka kwa mita nzima. Lakini bodi ya nyuma ina urefu wa kama mita 1.5 tu, fupi kuliko ya babu yake wa 1968, kwa sababu nafasi imechukuliwa na viti. Ya kebini moja ipo, na bodi yake inafika kama mita 2.3, ila mara ngapi umeiona ikisukumwa mbele kwenye matangazo? Mgala muue na haki mpe: Hilux ya leo ni gari imara, inapanda milima ya Uluguru wakati wa masika na kurudi salama. Tatizo ni kwamba imehamia tabaka jingine. Ilikuwa gari ya mkulima, sasa ni gari ya bosi anayekwenda kumtembelea mkulima.

Imefikaje huko? Sehemu kubwa ya kisa hiki ilianzia mbali, na mhusika wake wa kwanza ni kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi za Ulaya Magharibi ziliweka ushuru mkubwa kwa kuku kutoka Marekani, waliokuwa wakiuzwa kwa bei ya chini na kuwaumiza wafugaji wao. Rais Lyndon Johnson akalipiza. Kuanzia mwaka 1964 Marekani ikatoza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa nne: brandi, wanga wa viazi, dekstrini na malori madogo. Kuku walisahaulika, na bidhaa nyingine zikafunguliwa minyororo baadaye. Ushuru wa malori madogo ukabaki.

Wajapani walitafuta mianya. Wengine walipeleka kebini na chasisi bila bodi, kwa sababu ushuru wake ulikuwa mdogo, kisha bodi ikafungwa hukohuko. Mwanya huo ukazibwa mwaka 1980. Subaru walifunga viti viwili vya plastiki kwenye bodi ya pikapu yao, BRAT, ili ihesabiwe kuwa gari la abiria. Mchezo wa paka na panya uliendelea mpaka walipoamua kujenga viwanda ndani ya Marekani. Ukishajenga kiwanda ghali, unataka kutengeneza gari lenye faida kubwa, na faida hiyo iko kwenye gari kubwa.

Kisha zikaja kanuni za matumizi ya mafuta. Katika miaka ya 2000 Marekani ilianza kupima malengo kwa kuangalia eneo lililo kati ya magurudumu manne: gari pana na refu likapewa lengo legevu, dogo likapewa lengo kali. Nia ilikuwa njema, ila mtengenezaji anajua kusoma. Ukirefusha gari, mtihani unakuwa rahisi. Desemba 2011 Ford walifunga kiwanda cha St. Paul, Minnesota, kilichokuwa kikitengeneza Ranger ndogo. Jina la Ranger liliporudi sokoni huko mwaka 2019, lilirudi na gari kubwa.

Utauliza: ya Marekani yanatuhusu nini sisi wa Buguruni? Yanatuhusu kwa sababu hakuna anayebuni gari kwa ajili ya Buguruni peke yake. Kubuni gari jipya kunagharimu fedha nyingi, na fedha hizo hurudi kupitia masoko makubwa. Soko tajiri lilipofungiwa pikapu ndogo, watengenezaji wakakusanya nguvu kwenye pikapu moja ya dunia nzima. Mwaka 2004 Toyota walileta Hilux ya mpango wa namna hiyo, ikitengenezwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Gari moja limtosheleze baba wa familia Australia, mkandarasi wa Johannesburg na mkurugenzi wa Dodoma. Limewatosheleza wote hao. Aliyeachwa nje ni mwenye magunia kumi na mfuko mwepesi.

Jirani zetu wa Afrika Kusini ndio walioshika mkia wa mwisho. Nissan waliitengeneza pikapu ya 1400, ndugu wa ile Datsun, kwenye kiwanda cha Rosslyn karibu na Pretoria mpaka mwaka 2008. Akafuata NP200, mwenye uwezo wa kubeba kilo 800. Mafundi bomba, wauza mboga na wenye maduka walijenga maisha yao juu yake. Machi 2024 naye akafikia mwisho, na kiwandani hapo hakuna mrithi aliyechukua nafasi yake. Ford Bantam na Opel Corsa Utility zilikuwa zimeshatangulia.

Ukisikia hayo unaweza kudhani ni mapenzi ya nyakati, kwamba dunia imekua na pikapu lazima ikue nayo. Thailand inakanusha. Kule serikali kwa miaka mingi imeitoza pikapu kodi ndogo kuliko magari ya kawaida, na nchi ikageuka kitovu cha dunia cha pikapu za tani moja. Novemba 2023 Toyota walizindua huko Hilux Champ: kebini moja, bodi tambarare yenye matundu ya bolti tayari ili mnunuzi afunge kibanda cha chakula, friji au tenga la kuku, bei ikianzia baht 459,000. Kampuni ni ileile, na wahandisi ni walewale. Kilichotofautiana ni kwamba mwenye nchi alishaonyesha kwa kodi yake ni gari gani anataka barabarani.

Hapa kwetu aliyeziba pengo ni kirikuu. Simdharau, bila yeye Dar es Salaam ingelala na njaa. Lakini tumjue alivyo. Ni gari lililozaliwa na sheria ya Japani inayotaka injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu mita 3.4, upana mita 1.48 na mzigo kilo 350. Limetengenezwa kwa mkulima wa mpunga mwenye njia nyembamba za lami. Linatufaa kwa sababu usukani uko kulia kama wetu, linakunywa mafuta kidogo, na mtumba wake unanunulika. Ila kilo 350 ni magunia matatu na nusu. Sisi tunapakia mara mbili au tatu ya hapo, halafu tunashangaa breki zikishindwa kwenye mteremko. Na hata kisima hiki kinapungua maji: Subaru waliacha kutengeneza la kwao mwaka 2012, na Honda wakaacha kutengeneza Acty mwaka 2021.

Kwa hiyo tuna kirikuu la magunia matatu na nusu upande mmoja, na fuso la tani nyingi upande mwingine. Katikati pamebaki shimo, na ndani ya shimo hilo ameketi dalali.

Mfikirie mkulima wa Ilula au wa Mgeta aliyevuna mzigo wa tani moja. Kirikuu halitoshi, na kilima hakitaki. Kukodi fuso zima ni kulipia nafasi asiyoijaza. Akisubiri majirani nao wavune, nyanya haingoji. Anakuja mnunuzi mwenye fuso, anataja bei palepale shambani, na juu yake anadai lumbesa. Tumepiga kelele za lumbesa miaka nenda rudi, tumetuma maofisa wa vipimo na mizani, tumetoza faini. Mkulima anakubali kuonewa kwa sababu hana namna nyingine ya kufika sokoni. Mpe yeye, au kikundi chake cha watu watano, pikapu ya tani moja wanayoimudu, uone kama atakubali kujaziwa gunia kichuguu. Mwenye usafiri wake anaweza kusema hapana, na hiyo ndiyo nguvu ya kwanza ya mfanyabiashara yeyote.

Wapo watakaonijibu kwamba gari dogo la bei rahisi ni hatari, halina mifuko ya hewa wala breki za kisasa, na moshi wake ni mchafu. Hoja ni ya haki ukiilinganisha pikapu ndogo na dabo kebini mpya. Lakini mkulima hachagui kati ya hizo mbili. Anachagua kati ya kirikuu lililozidiwa mzigo, bodaboda yenye magunia mawili nyuma, na kupanda juu ya shehena ya fuso. Pikapu nyepesi yenye mkanda, breki nzima na mzigo unaolingana na uwezo wake ni hatua kubwa ya usalama kwa huyo.

Tufanye nini basi? La kwanza, kodi iangalie kazi ya gari. Pikapu ya kebini moja, yenye bodi ndefu na injini ndogo, ni chombo cha uzalishaji kama trekta lilivyo. Itozwe kwa mizani hiyo, na anayetaka viti vitano vya ngozi na bodi ya mita moja na nusu alipie starehe yake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru wa forodha wa pamoja, kwa hiyo jambo hili Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaweza kulipanga mezani pamoja, na soko la nchi zote hizo likamfanya mtengenezaji ageuze shingo.

La pili, serikali ni mnunuzi mkubwa wa magari, na mnunuzi mkubwa huamua kinachotengenezwa. Bwana shamba wa kata hahitaji dabo kebini. Halmashauri zikiagiza pikapu za kebini moja kwa wingi, spea zitapatikana, mafundi watazijua, na baada ya miaka michache zitapigwa mnada na kumfikia mwananchi kwa bei ya mtumba wa nyumbani.

La tatu, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo zimenunua bodaboda na bajaji nyingi. Zinunue na pikapu, kwa vikundi vyenye mashamba na mkataba wa soko, gari lenyewe likiwa dhamana.

Bajeti husomwa Juni, lakini maamuzi yake hupikwa miezi mingi kabla. Mbunge wako akija jimboni, asikuondokee na ahadi ya barabara peke yake. Mwulize ni gari gani analotaka lipite kwenye barabara hiyo, linatozwa kodi kiasi gani leo, na yeye atasema nini bungeni ili ipungue. Akikujibu akiwa ameegemea dabo kebini yake, mpe muda afikiri, kisha mwulize tena.