KHUNTHA ANA MLANGO WAKE KATIKA FIQHI, MBONA KWETU HANA?

Bismillahi Rahmani Rahim.


Ndugu yangu Muislamu, soma mpaka mwisho kabla hujaandika neno.

Kila inapotoka habari ya haki za khuntha kule Kenya, wapo wanaokimbilia kuandika: "Ajenda ya mashoga hiyo! Mambo ya Wazungu!" Nakuuliza wewe unayeandika hivyo: unamjua khuntha ni nani?

Khuntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyopambanuka wazi kuwa ni ya kiume au ya kike. Ama ana alama za pande zote mbili, ama hana ya upande wowote ila tundu la kupitishia mkojo, ama ya nje hayalingani na ya ndani. Hakuchagua. Hakutenda. Amezaliwa tu. Sasa mtoto wa siku moja unamhukumu kwa kitendo gani?

Na usidhani jina hili limeletwa na ndege kutoka Ulaya. Fungua vitabu vyetu. Imam Nawawi katika al-Majmu' amezungumzia hukumu za khuntha kwa urefu. Ibn Qudama katika al-Mughni kadhalika. Wameeleza atasimama safu gani katika swala: nyuma ya wanaume, mbele ya wanawake. Wameeleza ataoshwaje akifa. Wameeleza mirathi yake: sisi Shafi'i tunasema kila mrithi apewe kile chenye yakini, na kilichobaki kizuiwe mpaka hali ibainike au warithi wasuluhiane. Malik ana kauli yake, Abu Hanifa ana kauli yake.

Zingatia hapo. Wamehitalifiana katika fungu lake, lakini hakuna aliyesema hana fungu. Hakuna aliyesema afichwe chumbani, wala afukuzwe msikitini.

Utasema: "Lakini Qur'ani imetaja mwanamume na mwanamke tu." Maulamaa hao waliijua Qur'ani kuliko mimi na wewe. Walisema khuntha mbele ya Allah ni mmoja wa hao wawili, ila sisi ndio hatujabainikiwa. Ndiyo maana wakamwita "mushkil". Ishkali iko katika ujuzi wetu, si katika utu wake. Na Allah ametufundisha katika Aal Imran aya ya 6 kwamba Yeye ndiye anayetutia sura matumboni mwa mama zetu jinsi atakavyo. Unayemcheka khuntha, unamcheka nani?

Sasa tazama wenzetu wamefika wapi, sisi tukiwa tumelala.

Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru mfungwa khuntha alipwe fidia ya shilingi 500,000 kwa kudhalilishwa gerezani. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo ilisikiliza kesi ya mtoto aliyezaliwa 2009, ambaye hospitalini mahali pa kuandika jinsia yake paliwekwa alama ya kuuliza. Hebu fikiri: mtoto wa Adam anaandikwa alama ya kuuliza! Mahakama ikaitaka serikali ieleze itawalindaje watoto kama huyo. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 ikampa mtoto khuntha haki ya heshima, matibabu na elimu, na ikakataza asikatwe wala kubadilishwa kiungo bila ushauri wa daktari bingwa wa vinasaba. Mwezi wa Aprili 2024, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio lake la kwanza juu yao.

Katika haya, kipi kinachopingana na dini? Wanaowatetea wanasema: msiharakishe kisu kwa mtoto mchanga. Na mafaqihi wetu walisemaje? Walisema isubiriwe mpaka baleghe, zionekane alama: ndevu, hedhi, manii. Hawakukisia. Na Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1989, lilitenganisha mambo mawili: likaharamisha kubadili jinsia kwa aliye kamili, na likaruhusu khuntha atibiwe kwa kuangalia upande wenye nguvu zaidi. Wao wametofautisha. Wewe kwa nini unachanganya?

Simaanishi kwamba kila kinachosemwa kwa jina la haki za binadamu tukimeze. La! Kila jambo tulipime kwa mizani ya sheria. Lakini kupima si kutupa. Na mjadala wa mashoga una mahali pake. Usimburute humo mtoto asiyehusika.

Maana wanaoumia wapo. Mama anaachwa na mumewe kwa kuwa "amezaa balaa". Mtoto anaacha shule kwa kuogopa choo na kejeli. Wengine wameuawa siku waliyozaliwa. Tunasoma Surat Takwir, tunalia kwa yule msichana aliyezikwa hai atakayeulizwa ameuawa kwa dhambi gani. Je, huyu hataulizwa?

Basi tufanye haya:

1. Mzazi, usimfiche mwanao. Mpeleke kwa daktari bingwa, mwandikishe cheti cha kuzaliwa, mfundishe swala kama ndugu zake.

2. Imamu, usiuruke mlango wa khuntha unaposomesha. Ukiuruka wewe, mtaa utausomesha kwa matusi.

3. Mnaoosha maiti na mnaogawa mirathi, jifunzeni hukumu zake kabla hazijawafikia.

4. Na wewe mwenye simu mkononi: Surat Hujurat aya ya 11 imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Haikusema "isipokuwa mtandaoni".

Ni aibu mahakama ya serikali imjue khuntha, na msikiti wenye kitabu chake rafuni usimjue.

Ya Allah, tuonyeshe haki tuifuate, na utuepushe na dhulma ya ndimi zetu. Amin.

Mfikishie na mwenzio. Wallahu a'lam.