Seva iko sebuleni, kwa nini niizungukie Ulaya?

Kuna jibu ambalo mafundi wetu wa intaneti wanalipenda kuliko yote: "Seva yako ndiyo mbovu." Nimelisikia kwenye simu, nimelisikia mlangoni kwangu hapa Tunduma, na mara ya mwisho lilikuja na ushauri wa bure kwamba niachane na mambo ya kujitakia, niweke kila kitu Google Drive kama watu wengine. Basi leo tuliongelee kwenye kibaraza hiki, maana sidhani kama niko peke yangu.

Tatizo ni hili. Nina kompyuta kuukuu sebuleni, inatumia Linux, inatunza kazi zangu: picha, nakala za hati, sauti nilizorekodi. Ina jina lake la mtandao. Rafiki yangu aliyeko Vwawa akiandika jina hilo kwenye simu yake, inafunguka. Mimi niliyekaa mita tatu kutoka ilipo, kwenye waifai ya nyumba hiyo hiyo, nikiandika jina hilo hilo, wapi! Wakati mwingine unajitokeza ukurasa wa ruta yenyewe, eti unaniomba nywila. Sasa niambie, msomaji: kitu kinachoonekana Vwawa lakini hakionekani chumba kilimo, ubovu wake uko wapi?

Waliosoma bweni watanielewa haraka. Shule nzima ina S.L.P. moja. Barua zote zinafikia hapo, kisha karani anazigawa mabwenini. Ruta ndiye karani huyo. Dunia inaijua nyumba kwa anwani moja tu, ila ndani kila chombo kina namba yake, zile za 192.168 na kuendelea, ambazo nje hazina maana. Sasa mwanafunzi mmoja amwandikie mwenzake wa bweni jirani kwa S.L.P. ya shule. Karani makini ataona kuwa hii ni yetu, ataigeuza. Karani mvivu atadhani ni barua ya ofisi, aifungue mwenyewe (ndio ule ukurasa wa ruta), au aitupe.

Na kuna mtego wa pili. Karani akiigeuza bila kugusa jina la aliyeandika, mpokeaji ataona imetoka bweni la jirani, atajibu mkono kwa mkono. Yule wa kwanza anasubiri jibu lenye anwani ya S.L.P. Akiletewa na mtu ambaye hakumwandikia, anakataa kupokea. Kwa hiyo ruta inatakiwa ibadilishe anwani ya aendako na ya atokako. Ruta nyingi za bei nafuu hazifanyi hivyo. Nyingine zinafanya, ila swichi yake, iliyoandikwa NAT Loopback, iko kwenye ukurasa ambao mtoa huduma ameufunga.

Hapo ndipo ninapokasirika. Nimelipia kufungiwa, nalipia kila mwezi, kidude kipo juu ya kabati langu kinakula LUKU yangu. Nikaomba nywila ya usimamizi nikaambiwa hairuhusiwi. Kwa nini? "Usalama." Usalama wa nani? Nakubali wapo wateja wanaovuruga mipangilio kisha wanapiga simu usiku wa manane kulaumu. Basi nipeni karatasi nisaini kwamba nikiharibu, ni juu yangu!

Wewe uliye na shida kama yangu, kabla hujamlipa mtu nauli ya kuja kuzima na kuwasha, fungua seva kwa namba yake ya ndani. Ikifunguka, seva ni nzima. Kisha muombe mtu wa nje ajaribu kwa jina. Kama naye hapati, tazama anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta: ikianzia 100.64 hadi 100.127, au 10, jua kwamba mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya S.L.P. moja, na hapo hakuna mpangilio wa nyumbani utakaokuokoa. Anwani za IPv4 ziliisha kwenye ghala kuu la dunia mwaka 2011, sawa, lakini IPv6 ipo, na kwa hiyo kila kompyuta ingekuwa na anwani yake bila hizi zungusha-zungusha.

Kama wa nje anapata na wewe hupati, tatizo ni karani. Dawa ni kulifanya jina lile lijibiwe kwa namba ya ndani ukiwa ndani, na kwa anwani ya nje ukiwa nje. Mimi nimenunua ruta yangu ndogo inayotumia OpenWrt, nikaichomeka nyuma ya ile ya mtoa huduma, nikaiandikia kwamba jina lile ni 192.168.1.10. Simu zote za nyumbani zinaiuliza hiyo. Cheti cha usalama hakilalamiki, maana jina halijabadilika, na laini ya nje ikikatika bado nafungua kazi zangu. (Kivinjari kinachopeleka maswali ya majina nje moja kwa moja kitairuka dawa hii, kizime hapo.)

"Ya nini yote haya, Google Drive ipo." Jamani! Sauti zile ni za madereva wa malori waliolala foleni mpakani, na mawakala wa forodha walionieleza mambo kwa sharti la kutotajwa. Waliniamini mimi, hawakuiamini kampuni ya California. Na wanaoniambia nipitishe kila kitu kwenye seva ya kukodi Ulaya ili irudi kwangu, huko ni kumtaka mkazi wa Tunduma akagonge muhuri Nakonde kabla ya kuingia kwa jirani yake.

Ujinga huu tuliwahi kuuishi kama nchi. Zamani barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi ilipanda setilaiti hadi ng'ambo ikarudi. Wakenya wakafungua KIXP mwishoni mwa mwaka 2000 ili data ya nyumbani ibaki nyumbani. Telkom Kenya ikalalamika, mdhibiti akakifunga kituo. Walipigana, kikarudi 2002. Dar es Salaam nasi tukapata TIX, chini ya chama cha watoa huduma, TISPA.

Kampuni hizi hizi zilizoelewa hasara ya kuizungusha data ng'ambo zinashindwaje kuielewa ikiwa ndani ya nyumba ya mteja? TCRA iwaagize waandike kwenye mkataba, kwa Kiswahili, kama mteja anapata anwani yake mwenyewe au ya kushirikiana, na wamkabidhi nywila ya ruta siku ya kufungiwa. Mimi ya kwangu sijapewa mpaka leo, na malipo ya mwezi huu nimeshatoa.