Kioo Kipana na Bega la Mwanafunzi

Upo uongo mmoja usemwao madukani mchana kweupe, nao huaminiwa upesi kwa sababu umevikwa joho la tarakimu. Uongo huo ni kwamba kipakatalishi chenye inchi nyingi ndicho kipakatalishi bora, na kwamba kijana aendaye chuoni akinunuliwa chenye kioo kidogo amedhulumiwa. Wewe msomaji uliye karibu kumaliza masomo ya sekondari, nataka tuupime uongo huu kwa rula kabla mzazi wako hajauza mtamba wake kuulipia.

Kwanza fahamu inchi hizo hupimwa wapi. Hazipimwi kwa upana wala kwa kimo. Hupimwa mshazari, toka pembe ya chini hata pembe ya juu iliyo mkabala nayo. Hapo ndipo penye hila, maana mstatili ukivutwa ukawa mrefu na mwembamba, mshazari wake waweza kukua hali eneo lake linapungua. Vioo vya zamani vya inchi 15, vyenye uwiano wa 4 kwa 3, vilikuwa na upana wa sentimita 30.5 na kimo cha sentimita 22.9, eneo lake lilikaribia sentimita za mraba 697. Kioo kipana cha inchi 15.6, chenye uwiano wa 16 kwa 9, kina upana wa sentimita 34.5 na kimo cha 19.4; eneo lake halifiki sentimita za mraba 672. Inchi zimeongezeka, kioo kimepungua! Kanuni ya Pythagoras unaijua. Fanya hesabu hii mwenyewe usiku huu, wala usinisadiki kwa sababu tu mimi ni mwalimu.

Uwiano wa 16 kwa 9 ni uwiano wa televisheni. Ni mzuri kwa filamu. Lakini kazi ya mwanafunzi ni kurasa, na kurasa husomwa kutoka juu kwenda chini. Karatasi ya A4 ina kimo cha sentimita 29.7, ukiiweka katika kioo kipana, utaona aya mbili tatu katikati, na huku na huku nafasi tupu ambayo umeilipia. Kwa bahati njema, watengenezaji wengi wamerejea uwiano wa 16 kwa 10, na kioo cha namna hiyo chenye inchi 14 kina kimo cha sentimita 18.8. Basi kati yake na kile kikubwa cha inchi 15.6, tofauti ya kimo haifiki hata sentimita 1.

Kadhalika huulizwi juu ya nukta za mwanga, yaani pikseli, ambazo ndizo hasa ziandikazo maneno juu ya kioo. Vipakatalishi vingi vya bei nafuu vya inchi 15.6 vilitengenezwa na nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, sawasawa na vile vya inchi 11.6. Hivyo kile kikubwa hakikuonyeshi mistari mingi zaidi. Hukuza herufi tu. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080 kina karibu mara mbili ya nukta hizo, hata kikiwa na inchi 14.

Sasa tuje kwenye bega. Wahenga walisema mzigo wa mwenziwe mtu ni kanda la usufi, na muuzaji hatakubebea wako. Kipakatalishi cha bei nafuu cha inchi 15.6 aghalabu hukaribia kilo 2. Cha inchi 17.3 huweza kupita kilo 2.5. Ongeza chaja, ongeza vitabu na chupa ya maji. Mfikirie mwanafunzi apangaye chumba Kahawa Wendani, avukaye barabara ya Thika kila asubuhi kwenda Chuo Kikuu cha Kenyatta, au yule asafiriye kwa matatu, amebanwa dirishani na mkoba magotini. Wiki ya kwanza atakibeba kwa fahari. Wiki ya tatu atakibeba siku zenye mtihani. Baadaye kitabaki chumbani kuonyesha filamu jioni, na yeye atanakili masomo kutoka kwa mwenzake. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani katika hali hii, nao si wavivu.

Isitoshe, kioo kikubwa kina eneo kubwa la kuangazwa, na mwanga huo hutoka katika betri. Chumba cha mhadhara chenye watu mia mbili hakina soketi mia mbili.

Wako watakaonipinga kwamba macho huumia kwa herufi ndogo. Herufi hukuzwa, uzito haupunguzwi. Wengine watataja mchoraji wa ramani za majengo na mhasibu wa majedwali marefu. Hao nawakubalia, lakini watafanya vyema zaidi kununua kioo cha mezani kilichotumika na kukiunganisha kwa waya na kipakatalishi chao kidogo. Naye ambaye mashine yake haitatoka nyumbani, kwa nini anunue kipakatalishi?

Ushauri wangu basi ni kipakatalishi cha inchi 14 au pungufu kidogo, kilichotengenezewa watu wa ofisi. Vilivyotumika Ulaya huuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya Moi Avenue na Luthuli Avenue, Nairobi. Chunguza betri yake kwanza, kwa kuwa ndiyo huchoka mapema. Fedha utakayookoa itie katika kumbukumbu na diski ya kasi.

Siku ya kununua, nenda na mkoba wako wa shule, vitabu ndani na rula mfukoni. Pima kimo cha kioo. Uliza idadi ya nukta, na muuzaji akiwa haijui, mwambie akiwashe muisome pamoja. Kisha kitie mkobani pamoja na chaja, uvae mkoba utembee. Muuzaji hatakuruhusu kutoka nacho nje, na ana haki. Basi tembea humo humo dukani, na kama pana ngazi zipande na kuzishuka mara tatu, kabla hujatoa hata shilingi.